Shilingi ya Mlango Mmoja

Arua, Uganda
Septemba 1975

Dada yangu Zamzamu,

Nakusalimu kwa heshima ya mtu aliyenilea. Goti lako la kushoto limepoa? Shemeji bado anabishana na redio? Na ile nyumba ya nyuma, mliwahi kuiezeka kabla ya mvua? Mimi mwili ni mzima, Alhamdulillahi. Nimesema mwili, kwa sababu kuna kitu kingine kisicho kizima, na hicho ndicho kimenikalisha niandike.

Barua hii utaipata kwa mkono wa dereva wa lori la mbao. Sikuitia posta. Siku hizi barua zetu husomwa njiani kabla ya kufika, na hii nataka uisome wewe kwanza.

Unaikumbuka barua niliyokuandikia mwaka ule nilipofika hapa, baada ya wanajeshi kuchukua serikali? Ulinijibu kwamba uliwasomea kina mama wa chama chenu cha kuzikana pale Kibos, wakapiga vigelegele. Nilijisifu sana ndani yake. Nilieleza nilivyokiponda chama kilichotawala kabla yao, kilichokuwa kikihubiri kubana matumizi huku magari ya wakubwa yakiongezeka. Nikaeleza pia kijitabu changu na maneno yaliyonipa jina mjini Arua: shilingi ya umma ina mlango mmoja. Iingie mbele ya watu, itoke mbele ya watu. Wasomi wa hapa waliponiuliza maneno hayo nimeyatoa kitabu gani, nikawatajia vitabu vitatu vinene. Nilidanganya, dada. Niliyatoa kwenye sanduku lenu la bati, lile la funguo tatu, ambalo wewe hulifungui hata kwa msiba wa jirani mpaka wanachama wawe wameketi mkekani.

Kwa ajili ya kijitabu hicho wakanipa kazi ya gari la vipaza sauti. Nazunguka masokoni, nawaeleza watu mambo ya serikali yao. Kazi niliipenda. Unajua mdomo wangu.

Msimu uliopita wakulima wa Manibe walileta tumbaku yao kwenye banda la ununuzi. Walikuwa wameikausha kwa moto wiki nzima, macho mekundu kwa moshi, wengine wamekata miti yao yote kwa ajili ya kuni. Ikapimwa. Halafu bwana wa ununuzi akaniita pembeni akasema fedha taslimu hakuna, watapewa vyeti, niwatulize. Nikapanda juu ya meza, mkononi nimeshika kipaza sauti. Nikasema serikali hii si kama chama kile kilichokula jasho lenu. Nikasema cheti hiki ni pesa iliyochelewa njiani tu, mwezi mmoja mtaiona. Nikatia na mzaha, wakacheka, wakapokea karatasi wakaenda zao. Ni miezi kumi sasa.

Usiniambie serikali haina fedha. Nimesoma wanaosema serikali ifunge mkono, nimesoma na wanaosema iufungue, na nimegombana na wote. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kwamba mkono ufungwe kwa mkulima na ufunguliwe kwenye karamu. Hapa, wiki ile zahanati moja ya upande wa Koboko iliyoomba dawa ilipoletewa katoni ya bendeji, jukwaa la sherehe lilipakwa rangi mara mbili, kwa sababu mkubwa mmoja hakuipenda ya kwanza. Hii ndiyo serikali iliyosema imekuja kuondoa ubadhirifu, na mimi ndiye niliyelitafsiri neno hilo kwa Kiswahili ili kila mtu alielewe.

Kama ningekuwa nalalamika tu, ungesema huyo ndiye ndugu yangu, hajabadilika. Sikiliza yaliyobaki.

Baba mkwe wangu wa Ludara naye hulima tumbaku. Naye alipewa cheti. Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, bwana wa ununuzi alikuja nyumbani kwangu, akapitia uani, akaingia kwa mlango wa jikoni.

"Mwalimu," akasema, "wewe iko mutu yetu. Mzee yako hapana kaa na karatasi kama hawa wengine."

Akaweka bahasha juu ya kinu. Noti mpya, hazijakunjwa. Mimi, ninayeuliza kila kitu, sikuuliza hata neno moja. Nilimshukuru, nikamwambia Halima ampikie chai. Mke wangu aliitazama ile bahasha, akamwaga maji ya kuoshea vyombo, akatoka nje bila kuweka sufuria motoni.

Mwezi uliopita akaolewa mdogo wake Halima huko Koboko. Alasiri wanawake wakaanza doluka, ngoma yetu ya harusi. Wewe uliiimba ujanani mwako, unajua ilivyo: mwanamume akitajwa ndani ya wimbo hana pa kujibu. Hucheka, husimama, humtunza mwimbaji mbele ya watu. Aliyeongoza alikuwa shangazi yake Halima, bibi mfupi mwenye sauti ya kukata kuni. Akanikazia macho, akaimba kwamba Juma ana shilingi, shilingi ina mlango mmoja. Wenzake wakaitikia: "Mlango gani?" Akaimba: "Wa jikoni!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamtafuta Halima kwa macho anitetee. Alikuwa katikati ya wanawake, amejifunga kitambaa chake cha gurbaba cha njano, anapiga makofi pamoja nao.

Ilinibidi kusimama. Nikatia mkono mfukoni, na dada, sikuwa na fedha nyingine ila zile za bahasha, nilizokuwa nimempelekea mzee. Nikamwekea bibi noti kwenye paji la uso. Akaibandua, akaivuta kwa vidole viwili ikalia, akaiinua juu.

"Jameni, iko mpya!" akapaza sauti. "Hii haikuona mizani!"

Nilicheka pamoja nao. Nilicheka mpaka taya likaniuma. Nimetukanwa na wabunge, nimeandikwa vibaya na watu wenye shahada, na kila mara nilirudi na jibu. Lakini bibi yule alikuwa amekisoma kijitabu changu kuliko mimi, naye hajui kusoma.

Alhamisi iliyopita wakanituma tena Manibe. Watu wanataka kujua kama wapande, nami niwahimize wapande, kwani vyeti vipya vimeshachapwa. Kabla sijapanda mezani akanijia mama mmoja mjane, jina lake Driciru, aliyekuwa mstari wa mbele mwaka jana. Akatoa cheti chake ndani ya kibuyu. Kimekuwa cheusi. Alikitunza juu ya jiko ili mchwa wasikile.

"Mzee ya gari," akasema, "wewe ilisema hii iko pesa."

"Nilisema, mama."

"Mtoto yangu alifukuzwa shule. Mimi ilionyesha mwalimu hii karatasi, yeye alicheka. Sasa sema mimi ukweli. Mwaka hii nipande tumbaku ama nisipande?"

Bwana wa ununuzi alikuwa hatua kumi kutoka pale, anavuta sigara. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nikakizima. Nikainama kama ninayetazama kile cheti, nikamwambia polepole, "Panda muhogo, mama."

"Na hawa wengine?" akauliza.

Nikapanda mezani, nikasoma karatasi niliyopewa mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo aibu yangu, dada. Bahasha nimeirudisha, ile noti ya bibi nikiijazia kwa mshahara wangu, nikaiweka mezani kwake bwana yule mbele ya makarani wake, na mzee wa Ludara ananisema mpaka leo. Lakini lile neno la kweli nililisemea sikio moja, na watu mia walisimama hapo wakisubiri.

Msalimie shemeji, na mjomba anayeadhini, na wifi yetu mshona mikeka, na yule binamu fundi baiskeli, mwambie pampu yake ninayo. Wapwa wote wabusu mmoja mmoja. Halima anakusalimu. Siku hizi ananipikia, lakini maneno yake ni machache.

Kisha nina ombi. Siku mtakapolifungua sanduku, wote wakiwa mkekani, wasomee barua hii wale wale waliopiga vigelegele kwa ile ya kwanza. Usiruke la jikoni. Mimi nilinong'ona. Wewe, nakuomba, uisome kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kuhesabu,
Juma