Kwa Nini Mama Yako Hapokei Simu Mchana

Tata Ilunga, mjukuu wangu uliye Sandoa,

Hapa Kolwezi sisi wazima, ila mimi situlii tangu uniulize, "Kambo, Mama amenisahau?"

Sikiliza. Siku moja nilienda kumwona kazini, kule ziwani Nzilo, maana majirani walichoka kusikia sifa za kitu ambacho mimi mwenyewe sijakiona. Binti niliyemzaa mimi anapima pumzi ya samaki! Anamfungia makobo, huyuhuyu tunayemkaanga, ndani ya chupa kubwa ya maji, na mashine inaonyesha oksijeni inavyopungua. Samaki akitulia, ndipo mama yako anajua kweli huyo samaki anatumia kiasi gani.

Nikaingia kama mwanamke aliyelelewa vizuri. Nikapiga magoti, nikapiga makofi kuwasalimu wakubwa wake. Pa! Pa! Samaki akashituka, akajirusharusha, oksijeni ikashuka mbio.

"Mama, ooh! Sasa anapumua kwa woga. Kipimo kimeharibika, tunaanza tena."

"Nisisalimu watu? Mi ni nyama ya pori?"

"Salimia na macho, Mama."

Nikakaa, mimi nisiyenyamaza hata kanisani. Miguu ilikuwa inaniwasha. Mara simu yake ikawaka mezani bila sauti, na jina lako juu yake. Aliivuta polepole, akaikumbatia kifuani mpaka mwanga ukazima, na macho yake hayakuwa tena kwa samaki.

Piga jioni, tata. Atapokea.

Mimi kambo wako, mama wa Mama yako