Nyota ya Sita Kwenye Koti Langu

Mama Felista, mke wangu uliyetangulia,

Padri alisema kwenye mazishi yako tusiwe na maswali. Mimi ninayo. Naandika mwenyewe, maana ukimpa mtu kalamu akuandikie umempa na siri. Darasa la pili nililoishia linatosha.

Unalikumbuka lile koti. Mgeni niliyembebea mzigo hadi juu Kibo alinivulia, kwa sababu wapagazi wenzangu wote walibaki nyuma wakitapika, mimi nikafika naimba. Kifuani lilikuwa na beji ya duara. Akasema ni nembo ya watu waliorushwa angani kwa roketi. Kila safari ina yake, na wasafiri wenyewe hukaa chini kuifikiria kabla hawajaondoka. Majina pembeni ni yao. Kila mchoro una maana yake. Nyota kubwa ni watu, na ile ndogo iliyojitenga ni ya wenzao waliokwenda wasirudi.

Sikumwamini. Mtu mzima anashonewaje nyota kifuani bila kula kiapo mahali? Nikakwambia uitoe kabla sijavaa koti kanisani. Wewe, fundi wa kutarizi vitambaa, ukaligeuza ukatazama nyuzi kwa ndani. "Hawa watu wanapendana, Baba Felista. Uzi ni mmoja, unatoka nyota hii unaingia ile."

Ukaibandua, na mahali pake ukanitarizia ya kwetu: mlima, migomba, jina langu juu, lako chini, na nyota. Nani mwingine alikuwa na koti kama lile? Nililivaa hadi Bomang'ombe ili wanione. Huko, nikinywa chai, nikahesabu nyota. Sita. Watoto wetu ni watano. Na ile ya sita ilikuwa ndogo, imekaa kando, chini yake jani la isale.

Sikukuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza, ni mtu wa kuchunguza. Nikawa nakutazama ukienda sokoni na ukirudi. Nikamtazama jirani yetu Kanuti, aliyekuwa akikusalimia kwa kicheko kirefu. Isale ni mmea wa kupandwa mpakani, na katikati ya kihamba chetu, shamba la urithi, kwenye migomba ya nyuma, kulikuwa na isale lisilo na mpaka wowote. Nilijua ni yeye, anatusogelea kidogo kidogo. Nililing'oa mara tatu, likarudi mara tatu. Nikamfuata na panga, akaapa hajui. Wewe ulisimama mlangoni na sufuria mkononi, ukanitazama tu.

Hata alipokuja kukuchimbia kaburi nilimchunga, asije akapima shamba kwa jembe.

Juzi dada yako Martina alikuja kukunja nguo zako. Akaliona koti, akagusa nyota ya sita. "Kumbe alimshona," akasema. Nikamuuliza nani. Akanitazama kama anayetazama mlevi. "Yule wa pili, shemeji. Aliyezaliwa ukiwa mlimani."

Nikakumbuka. Nilishuka na hadithi za theluji, nikakukuta umelala. Ukasema mtoto hakukaa. Nikajibu Mungu ataleta mwingine, nikaomba chakula. Hakuwahi kubatizwa, kwa hiyo hakuzikwa kanisani, na mimi sikuuliza amelazwa wapi. Isale hupandwa na kaburini, nalijua tangu utoto, ila kichwa changu kilikuwa mpakani.

Mara tatu nimeng'oa, mara tatu umepanda.

Bado nina shaka moja nawe. Nadhani ulinishonea makusudi nihesabu, ukakaa ukingoja niulize. Ulingoja sana, mama.

Leo nimekata jani la isale nikampelekea Kanuti kwa mikono miwili, kama kwetu anavyofanya aliyekosa akiomba radhi. Alilipokea, hakucheka. Jingine nimeliweka kwako. Lile la migombani nimelizungushia mawe.

Lakini pembeni ya nembo, kati ya jina langu na lako, uliacha pengo. Nilikuwa nakutania kwamba uzi ulikuishia. Martina anasema mtoto ulimpa jina, na yeye analijua.

Kesho nateremka Rau, anakokaa. Nitamuuliza. Mimi, nitauliza.

Mumeo,
Baba wa watoto sita