Vumbi la Gunia

Kibosho, 3 Februari 2024

Mwanangu Dafrosa,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mguu unanisumbua kidogo, ila kuku wangu wanakufa. Wanatetemeka, shingo zinapinda, wanaanguka. Imeanza niliponunua magunia mapya ya pumba za mahindi dukani kwa baba yako mdogo, Didas. Nikamwambia mbele ya watu kwamba chakula chake kina sumu. Kanijibu eti banda langu ni chafu. Mimi! Sasa chama cha wafugaji kinataka nimwombe radhi mkutanoni, la sivyo wananitoa, na mayai yangu hawatayachukua tena.

Wewe kazi yako huko ni kutafuta sumu kwenye chakula cha ng'ombe wa Wazungu. Tafuta na kwenye cha kuku wa mama yako. Evaline, mwenzako wa huko, akija likizo nitampa mfuko akuletee.

Mama yako

Laeken, Brussels, 22 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, kifua kimepona.

Viviane, mkuu wa maabara yetu, alinitafutia kibali, na mfuko niliupokea kwa Evaline pale kituo cha treni cha Gare du Nord. Tulisaga pumba, tukatia kimiminika kinachotoa dawa ndani yake, tukatikisa na chumvi, tukazungusha kwa kasi mpaka makapi yakakaa chini. Maji ya juu tuliyasafisha mafuta, yakaingia kwenye mashine inayotambua kila dawa kwa uzito wa chembe zake. Tusije tukadanganywa na mashine, tulichukua pumba nyingine tukazitia sumu makusudi, ikaiona mara moja. Kwenye zako, Mama, haikuona kitu.

Najua utakasirika. Lakini mwombe radhi baba mdogo, yaishe. Tangu baba afariki, huyo ndiye tuliyebaki naye.

Mwanao, Dafrosa

Kibosho, 24 Machi 2024

Dafrosa,

Salamu zako nimezipata. Mguu upo. Radhi siombi.

Nilidhani nimesomesha binti, kumbe nimemsomeshea Didas wakili. Mashine yako na iseme itakavyo, leo nimezika jogoo. Na asije mtu huko akasema nilituma uchafu! Nilishinda uani napepeta, nikachekecha mpaka vumbi lote jeupe likatoka, nikaanika juani, nikachagua zile nzuri nikazitia kwenye mfuko mpya. Ningepelekaje vumbi kwenye kazi ya watu? Huyo Viviane angeuliza umezaliwa na nani.

Wakinitoa, watanitoa nimesimama.

Mama yako

Laeken, 25 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nisamehe sana. Picha ya barua yako nimeisomea ndani ya tramu nikapiga kelele, watu wakageuka.

Ulichochekecha ndicho nilichokuwa nakitafuta! Dawa ya kuua wadudu dumuzi kwenye mahindi huja kama unga, na unga huo hutoka pamoja na vumbi. Ulinitumia pumba za kumpa mgeni, mimi nilitaka wanazokula kuku. Safari hii usisafishe chochote. Vaa glavu, chota juu, katikati na chini ya kila gunia, changanya, funga na vumbi lake. Kuku waliobaki usiwape tena.

Viviane amesema jibu limeshatoka na maabara hairudii kazi kwa ajili ya undugu. Nimemwambia kosa ni letu, kila mteja tunamuuliza sampuli aliichukuaje, mama yangu hatukumuuliza. Nikakaa kwenye kiti chake cha wageni, nikasema siondoki. Amekubali. Radhi usiombe.

Mwanao, Dafrosa

Laeken, 10 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Kuku waliobaki hawajambo?

Mfuko wa pili ulifika kwa posta, na sumu imo. Ni dawa ya kuhifadhia mahindi, na imepita mbali sana kiwango kinachoruhusiwa kwenye chakula cha kuku. Tumepima mara mbili. Nimemwomba Viviane atie saini karatasi ya majibu yeye mwenyewe, baba mdogo asije akasema nimejiandikia. Nenda nayo mkutanoni.

Mwanao, Dafrosa

Kibosho, 19 Mei 2024

Mwanangu Dafrosa,

Tumsifu Yesu Kristu. Msalimie Viviane. Mguu umepona, au umesahau kuuma.

Mkutano ulikuwa jana, uani kwa Didas. Karatasi ikasomwa. Didas akacheka, akasema karatasi ya binti ni karatasi ya mama, hata saini atie nani. Mwenyekiti akaniambia nisimame niombe radhi.

Nikasimama. Nilikuwa na beseni la pumba zake, na vumbi lake, sikuchekecha. Nikaenda nalo mpaka mlangoni pa banda lake mwenyewe la kuku nikasema, "Shemeji, kama ni safi, na kuku wako wale." Nikashika komeo.

Mwanangu, mzee yule alivyoruka! Alinipokonya beseni, pumba zikammwagikia suruali yote. Akabaki anajikung'uta mbele ya chama kizima. Hakuna aliyezungumzia radhi tena. Leo watu wamerudisha magunia yao, wameyapanga mbele ya duka lake, na mwenyekiti amekuja mwenyewe kuchukua mayai. Nikamwambia asubiri, kuku wangu bado wanapona na mimi bado nina hasira.

Evaline akija tena, atakuletea unga wa ndizi. Huo nimeuchekecha vizuri. Usiupime, upike.

Mama yako