Shemeji Ananisemea Barazani, Simwamini

Mpendwa Mama Ukamaka, nisaidie maana nyumba naiona inaniponyoka. Mume wangu Azubuike alifariki mwaka jana, akaniachia mabinti wawili na nyumba hapa kijijini kwao, na ukoo ulipoitana kuzungumzia kiwanja mimi sikuingia, unajua barazani wanaovunja kola, ile kokwa ya kufungulia kikao, ni wanaume na wanaosema ni wao, basi shemeji yangu Okwudili akaniambia, "Mke wetu, wewe tulia, mimi ndiye mdomo wako," nikamtuma aseme jambo moja tu, kwamba mimi na wanangu hatuhami, akaingia, nikasikia wanacheka, akatoka anatafuna kola, "Nimefikisha yote." Kesho yake mzee mmoja wa ukoo akanikuta sokoni, "Umefanya la maana kukubali kurudi kwenu, mke wetu," nikaenda moja kwa moja kumuuliza Okwudili, akacheka, "Yule hasikii vizuri, unamsikiliza wa nini?" lakini juzi nimekuta watu nyuma ya jiko wanapima kwa kamba, naye Okwudili anasema eti mtaro, mtaro gani kiangazi hiki? Siku ya Orie, siku ya soko letu, wanakutana tena kumaliza. Wifi yangu Uzoamaka angeweza kunisemea, lakini tuligombana kwa sare ya msiba, hatusalimiani, na nahisi naye yumo. Je, ninyamaze, au niingie nikaitwe mwanamke asiye na adabu?

Mama Mabinti

Pole sana, mama. Mashaka yako si ya bure. Hakuna anayepima mtaro nyuma ya jiko la mjane bila kumwambia mwenyewe.

Lakini nawe umenikera. Wifi umemnunia mwaka mzima kwa ajili ya kitambaa, halafu kinywa chako ukamkabidhi mtu anayekimezea mate kiwanja! Hujui kwamba mabinti wa ukoo, umuada, wakishakaa barazani hakuna mwanamume anayevunja kola mpaka wasikilizwe? Okwudili anajua. Ndiyo maana anafurahi mkinuniana.

Nenda kwa Uzoamaka leo. Omba radhi ya sare hata kama kosa ni lake. Usimweleze kitu kwanza, muulize tu kaka yake alisema nini kwa niaba yako, na umtazame usoni. Akishtuka, hayumo. Akianza kukuuliza nani kakwambia, aga uondoke, uwatafute dada zake wengine. Siku ya Orie ingia nyuma yao na wanao, yule mzee arudie alichoambiwa, Okwudili akiwepo. Usiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote. Kisha sema mwenyewe kwamba huhami. Watakuita huna adabu, waache waite. Hiyo adabu wanayoitaka haitawajengea wanao nyumba nyingine.