Shubiri tano za fundi

Shadya uko macho? Nimeharibu shosti, nimeharibu

Ile meza ya kusomea niliyochora, ubao mmoja tu na miguu miwili, ikae kati ya kitanda cha bibi na mlango. Nilipima kwa mkono wangu nikaandika shubiri tano

Fundi Mikidadi kapima kwa mkono WAKE!! Ule mkono kama sinia

Na aliniuliza kabisa, "Shubiri za nani binti, zako au zangu?" Nikaona aibu, nikacheka tu nikaangalia chini

Sasa haiingii mpaka kitanda kitoke. Bibi anafunga nguo zake. "Mjukuu wangu asome, mimi kesho narudi zangu Mgeta." Na kliniki yake ya sukari huku mjini je??

Nimemwambia asiende, bora meza ndiyo itoke. Hajageuka

Shosti, nadhani nilisema moyoni tu