Bibi Ataka Kuiona Toronto

Babu yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza usingenijibu. Ulikuwa ukijifanya kiziwi. Nikikuuliza jambo kwa Kiingereza ulikuwa ukitazama nje, ukingoja, mpaka nilirudie kwa lugha yako, ndipo ukageuka na kusema, "Naam, sasa nimekusikia." Najua sasa huwezi kunijibu kwa lugha yoyote. Lakini nimeona nisianze na kosa.

Sisi hatujambo. Hapana, si kweli, ila ndivyo ulivyonifundisha kuanza, kwanza uzima, halafu yaliyobaki.

Bibi yumo edani tangu ulipotutoka, hapa hapa kwenye fleti yetu ya Hayes, chini ya njia ya ndege, ghorofa ya sita. Miezi minne na siku kumi, kama kila mwanamke aliyefiwa na mume. Hatoki nje. Amevaa nyeupe, hapaki wanja, hafukizi udi, na ukifungua mlango husikii tena ile harufu yetu, unasikia sabuni ya kufulia tu. Mama bado anafanya usafi katika hoteli za uwanja wa ndege, zamu ya mchana, kwa hiyo nikitoka skuli narudi moja kwa moja kukaa na Bibi. Sijaenda maktaba. Sijaenda kwa rafiki yeyote. Nafanya hesabu zangu mezani, yeye anavuta uradi kwenye kochi, na saa ya ukutani inapiga kelele kuliko sisi. Watu wakija kutupa pole husema nyumba hii ina kizuka mmoja, yaani Bibi na eda yake. Mimi naona tuko wawili. Siwezi kumwambia mtu hivyo, kwa hiyo nakwambia wewe.

Na eda imekula likizo yote ya kiangazi. Unaelewa maana yake, ile safari uliyoniahidi. Toronto.

Nilikuwa nimeizoea safari ile kama mtu anavyozoea chumba chake. Wewe, mimi na Bibi. Siku ya kwanza tungepanda tramu kutoka mwanzo wa njia mpaka mwisho wake bila kushuka. Ya pili ungenionesha kiwanda cha mikate ulichofanya kazi. Ya tatu tungekwenda kwenye ule uwanja wa majani pembeni ya uwanja wa ndege, ambako ndege zinapita chini mpaka unaona matairi yakizunguka. Baada ya mazishi nilimuuliza Mama, taratibu, kama safari bado ipo. Alikuwa akiosha sufuria za hitima. Hakugeuka. Alisema, "Safari imekufa na mwenyewe." Mama mkubwa Zuhura, dada yake, aliongeza kwamba mtoto hasafiri peke yake na Bibi hatoki, kwa hiyo hapakuwa na la kuzungumza. Skuli mwalimu alipotuuliza kila mmoja likizo ataenda wapi, mdomo wangu ulisema Kanada kabla sijaukataza. Sikusahihisha.

Babu, naomba nikukumbushe Jumapili zetu, kwa sababu naogopa nisipoziandika zitaanza kufifia. Unatoka kukaa kwenye baraza ya fleti na ile kofia ya sufu yenye jani jekundu la bendera ya Kanada, hata kwenye joto la mwezi wa sita, na watu wa msikitini hawakukosea kukuita Mzee Kanada. Darubini shingoni. Chupa ya chai ya tangawizi chini ya kiti. Wazee wengine wa hapa wanapenda mpira au bao, wewe ulipenda ndege. Uliniambia ukiiona kwa mbali usitazame rangi, tazama injini na namna mbawa zilivyokaa, rangi hubadilishwa. Ikipita yenye jani mkiani ulikuwa ukiinua kikombe na kusema, "Huyo wetu." Halafu Toronto ilikuwa inaanza. Jinsi ulivyotoka kiwandani asubuhi na unga kwenye nyusi, na badala ya kwenda nyumbani ukapanda tramu ya upande wa pili, kwa raha tu. Jinsi nyaya zilivyotoa cheche za buluu siku za theluji. Jinsi wale wanaume wenye kamera kule kwenye majani walivyokugawia maandazi yao ya mviringo, na hakuna aliyekuuliza umetoka wapi, waliuliza umeona ndege gani.

Niliupenda mji ule kabla ya kuuona. Niliupenda kupitia kwako.

Sasa nikwambie yaliyotokea hapa nyumbani.

Mama mkubwa Zuhura anakuja kila siku kwa basi kutoka mtaa wa Neasden na chakula. Ana moyo mzuri, wewe unamjua binti yako, lakini tangu msiba amekuwa askari. Alifunga mapazia ya sebuleni, akasema kizuka hasimami dirishani. Akafunika kioo cha ukumbini kwa kanga. Akasema simu ikilia mpokee nyinyi, isije ikawa sauti ya mwanamume. Bibi hakubisha hata neno moja. Nilidhani ndiyo sheria yenyewe, nikatii na mimi. Ndege zikawa zinapita nyuma ya pazia, tunazisikia bila kuziona. Kikombe kinatikisika kabatini, basi. Nilikuwa nikijaribu kukisia kwa mlio. Sikuweza, hilo hukunifundisha.

Siku moja alasiri Bibi alikuwa amefunga macho, nikadhani amelala. Nikachukua ile redio yako ndogo uliyokuja nayo kutoka Kanada, ya kusikiliza marubani wakizungumza na mnara wa uwanja wa ndege. Niliifungua polepole sana. Nilitaka kusikia tu kama bado wanazungumza bila wewe kuwasikiliza. Walikuwa wanazungumza. Sauti ya mwanamume mmoja, imetulia, inataja namba zake na kuomba kutua. Nikaanza kulia, na wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Mama mkubwa aliingia na sufuria ya ndizi, Mama nyuma yake ndiyo kwanza anatoka kazini.

"Zima," Mama mkubwa alisema. "Sauti za wanaume wageni ndani ya chumba cha kizuka. Nani amekulea?"

Bibi hakufungua macho. Alisema, "Zuhura, huyo rubani anaomba kutua. Hajaja kuniposa."

Mama alicheka mpaka akakaa chini ukumbini na koti lake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ulipoondoka. Mama mkubwa alijaribu kukasirika akashindwa, akaweka sufuria na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. Bibi akaendelea, kwa sauti ileile ya upole, kwamba eda anaijua, alimkalisha mama yake mwenyewe eda huko Unguja, na hakuna mtu aliyeambiwa asione mwanga. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amechoka, si kwa sababu alikuwa hajui. Akaniambia nifungue pazia.

Nilifungua. Jua lilikuwa kali na vumbi likaonekana kila mahali, Mama mkubwa akaanza kufuta meza hapohapo. Bibi aliinuka, akasimama dirishani na mtandio wake mweupe. Nilidhani atazungumza habari zako. Alizungumza habari za dirisha jingine.

Babu, sijui kama haya unayajua, ndiyo maana nakuandikia kwa uangalifu.

Alisema katika miaka yenu ya Toronto mlikaa ghorofa ya kumi na moja. Mama na Mama mkubwa walikuwa wameshaolewa, wamebaki Unguja, na pale hapakuwa na mtu wa kusema naye Kiswahili isipokuwa wewe. Baridi ya kwanza aliteleza kwenye barafu mbele ya mlango wa jengo akavunjika mkono wa kulia. Baada ya hapo akawa hashuki. Ulikuwa ukitoka kazini ukipanda tramu zako, Jumapili ukienda kutazama ndege, na yeye alikuwa dirishani. Aliona taa ya tramu ikikata kona, akaweka chai jikoni. Kama hukushuka, aliitoa chai jikoni akangoja taa nyingine. Alisema neno moja ambalo Mama mkubwa aliposikia aliacha kufuta meza.

"Eda hii si ngeni kwangu. Nilishakaa nyingine kule, na mume wangu yu hai."

Nilitaka kukutetea. Nikasema labda hukujua, labda kama angekwambia. Bibi akanishika kidevu, akasema hakulaumu wewe. "Aliniambia twende. Mara ya kwanza nikaogopa barafu. Mara ya pili nikaogopa. Mara ya tatu akavaa kofia yake akaenda."

Tangu siku ile nimekuwa nakuona wawili. Mmoja yuko barazani ananimiminia chai na kuniambia habari za cheche za buluu. Mwingine anavaa kofia mlangoni na hageuki nyuma. Najua ni mtu mmoja. Nawapenda wote wawili, lakini yule wa pili nina hasira naye kidogo, na sijui mtu humwekea marehemu hasira mahali gani. Nimemuombea dua na yeye pia.

Nilimwambia Bibi basi, tusiende tena, si kiangazi hiki wala kingine. Nilidhani namfanyia wema. Kusema kweli niliyaona yale majani, zile tramu, yote yakifungwa nyuma yangu, na mimi nikibaki kwenye kochi hili na saa hii ya ukutani. Bibi alinitazama kama nimesema upuuzi.

"Nani kakwambia sitaki? Mimi Toronto sijaiona. Nilikaa juu yake."

Na akasema tutakwenda Disemba, eda ikishamalizika, skuli ikifungwa. Mama akasema Disemba ni baridi mno, Mama. Bibi akasema ndiyo baridi anayoidai. Mama mkubwa akauliza watu watasemaje, mjane katoka edani juzi leo anapanda ndege. Bibi akajibu, "Watasema kapanda ndege." Sijui utacheka au utanuna. Nadhani utacheka, halafu utataka kujua ni ndege ya aina gani.

Usidhani mambo yamekuwa mepesi. Bado hatoki, na ataimaliza eda yake kama inavyotakiwa, hiyo haina mjadala. Lifti imeharibika tena. Majirani wanakwenda bustanini na watoto wao, nawaona kutoka juu. Zipo siku Bibi haondoki kwenye kochi mpaka magharibi, na mimi nahisi dari linashuka. Mama ameomba ruhusa kazini, bado hawajamjibu, na kila nikimuuliza anasema, "Insha Allah," kwa ile sauti ambayo hujui kama ni ndiyo au nyamaza. Kwa hiyo sina hakika. Nakwambia kwa sababu ulichukia mtu anayesema uongo kwenye barua.

Lakini jana nilirudi kutoka skuli nikasikia kishindo ndani kabla sijatia ufunguo. Bibi alikuwa ukumbini anatembea, kutoka mlango wa jiko mpaka mlango wa nje, akigeuka, akirudi. Nguo zake nyeupe, mtandio mweupe, na miguuni viatu vya theluji, vyeusi, virefu mpaka magotini. Alikuwa amevitoa chini ya kitanda. Ulimnunulia wewe, alisema, baridi ile ya pili. Alikaa akainua mguu anioneshe. Soli zake bado mpya, Babu. Michirizi yote ipo. Nilipiga magoti nikaigusa kwa vidole. Halafu akaniambia niweke mkoba wangu chini nimshike, kwa sababu kugeuka pale mlangoni ndiko kunakomsumbua. Tulitembea pamoja mpaka adhana ya simu yake ilipolia.

Sasa naye ananiita tusali, kwa hiyo naandika haraka. Mungu akurehemu, Babu, akupe nafasi na mwanga, na akusamehe mara ile ya tatu. Kwaheri. Ruhusa ya Mama ikipatikana tutapanda tramu yako, na nakuahidi sitamhimiza Bibi kwa lolote. Akitaka kukaa nitakaa naye. Akiogopa barafu nitangoja naye pale pale mlangoni, hata tukipitwa na tramu zote. Na kituo cha kushuka atachagua yeye, hata kikiwa ni kile ambacho wewe hukuwahi kukitaja.

Mjukuu wako,
Salha