Mama Hakusema Ndiyo

Leo Jumamosi. Mvua imenyesha alfajiri ikakatika, kisha jua likatoka kali mpaka nguo nilizoanika zimekauka kabla sijamaliza chai. Niko Ukunda, nyumbani kwangu, nimekaa juu ya kitanda nilichomnunulia mama yangu. Mama hayupo.

Acha niandike yote, maana nikiyasimulia kwa mdomo nitayapamba.

Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, huu mwaka wa kumi na sita. Wageni wetu wengi ni watu wazima, waliokwisha kustaafu, na mimi najisifu kwamba namjua mtu kabla hajafika kaunta. Mzee wa kulalamika hutazama dari kabla ya kunitazama mimi. Mzee wa shukrani hung'ang'ania kubeba begi lake mwenyewe. Wako wakimya wanaotaka chumba cha mwisho kabisa, na wako wale ambao kufikia chakula cha mchana wameshajua jina la mtunza bustani na la mkewe. Mwaka jana mkufunzi alikuja kutufundisha tabia za watu akatugawia karatasi yenye aina nne. Nilicheka moyoni, mimi mwenyewe nina aina zangu tisa. Ila alisema jambo moja nikalikubali, kwamba mtu akizeeka tabia yake hukolea tu, kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Basi na kwetu Msambweni nilikuwa nimeshawagawa watu zamani. Mama ni mpole, Mama Mkubwa ni mkali. Kwisha.

Mama Mkubwa ni Bi Mejumaa, mke wa kwanza wa marehemu baba yangu. Mama, Bi Mwanakombo, aliolewa wa pili. Mama Mkubwa hakujaliwa mtoto, mama yangu alinizaa mimi na kaka yangu aliyeko Mombasa. Baba alikuwa seremala, mtu wa utani mwingi, na alipofariki miaka tisa iliyopita wake zake walikaa eda katika chumba kimoja. Hata humo edani Mama Mkubwa alipata la kugombea: ndoo iwekwe wapi. Tulidhani eda ikiisha kila mmoja atashika njia yake. Hawakwenda popote. Vyumba vyao vimepakana, jiko lao ni moja.

Mama Mkubwa ana miaka sabini na sita na sauti ya mtu wa thelathini. Kila alfajiri hupiga kelele kupitia ukutani, "Mwanakombo! Weye! Umeamka?" utadhani anamwamsha mfanyakazi. Mama hujibu kwa kukohoa, basi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimsikia Mama Mkubwa akigomba na wanawake bombani, akigomba na jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, akigomba na muuza samaki mpaka mtu wa watu anasahau bei. Mama sikumsikia akipaza sauti hata siku moja. Nikajiapiza kwamba nikipata nyumba yangu nitamtoa pale apumzike.

Nitakiri na hili. Si mapenzi tu yaliyonituma. Nilitaka pia kumshinda Mama Mkubwa.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumuuliza Mama. Mama aliteleza penye matope msimu huu wa mvua, hakuumia, lakini mimi sikulala siku mbili. Nikamwambia aje akae kwangu, chumba kipo, mume wangu Rashidi ameridhia, atakaa bila kusumbuliwa na mtu. Mama alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Hakuinua kichwa, wala hakusema neno.

Kwetu mwali akiulizwa kama amemkubali mchumba, akainamisha uso akanyamaza, wazee hutoka nje wakitabasamu. Mimi mwenyewe niliolewa hivyo, na Rashidi mpaka leo hudai hajawahi kusikia "ndiyo" kutoka kwangu. Kwa hiyo nikajua yamekwisha. Nikarudi Ukunda, nikanunua kitanda kifupi asipate shida kupanda, nikamwita fundi atie chuma cha kushikia bafuni, nikakodi pikapu ya kuja kubeba vitu vyake leo.

Mwanamke wa mapokezi huyo, msomaji wa watu.

Nimefika Msambweni saa tatu. Walikuwa barazani wanashona mkeka. Kila mmoja husuka ukili wake, yaani ule utepe mrefu wa miyaa, kisha Mama huziunga tepe hizo kwa sindano, kwa kuwa macho ya Mama Mkubwa yameingia ukungu siku hizi. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Dereva alipokuwa akigeuza gari alikanyaga tuta la mchicha, na Mama Mkubwa hakumwambia kitu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Nilikaa kidogo nikaushika ule mkeka, kwa kutafuta la kufanya tu. Utepe mmoja ulikuwa umekazwa hata kucha haipenyi, na wa pili ulikuwa laini, umelegea, unakunjika kama kitambaa. Nikasema, Mama Mkubwa, mkono wako una nguvu bado. Akacheka kidogo. Akaniambia ule uliokazwa si wake, ni wa mama yangu, yeye Mama Mkubwa hajawahi kuweza kukaza namna ile tangu usichana wake.

Miaka arobaini na mitatu nimelala juu ya mikeka yao na sikuwahi kuuliza upi ni mkono wa nani. Mama akishona huuvuta kidogo ule wa mwenzake na kuulegeza wake, mpaka mkeka ulale sawa chini. Nilimtazama akifanya hivyo na bado sikuelewa chochote. Nikainuka kwenda chumbani kwake.

Hakuna kilichokuwa kimefungwa. Khanga zake zilikuwa kambani, msala wake ukutani, dawa zake za presha dirishani. Nikasema moyoni, maskini, ameshindwa kufunga peke yake. Nikalivuta sanduku lake mpaka barazani.

"Liweke chini, Saumu," Mama akasema.

Aliisema kwa sauti yake ileile, haikupanda hata kidogo. Nikaliweka. Nikaanza kujitetea, kwamba nilikwisha kumuuliza na yeye akanyamaza, na mimi nimejiandaa, na gari liko pale linangoja.

"Kunyamaza ni ridhaa ya mwali. Mimi mwali? Nilinyamaza nikingoja uniulize tena, nijue kama wanitaka mimi au wataka kumnyang'anya mwenzangu tu. Hukuuliza tena."

Nilihisi uso unawaka. Na mtu akishikwa na aibu hutupa la kwanza linalomjia mdomoni. Nikasema, mbele ya Mama Mkubwa aliyekaa pale, kwamba siwezi kumwacha mama yangu akapigiwa kelele mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Mama Mkubwa akaweka miyaa chini. Akasema polepole, sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mwache aende na mwanawe, Mwanakombo. Mtoto amekuja na gari."

"Nyamaza, dada," Mama akamwambia.

Na Mama Mkubwa akanyamaza! Bi Mejumaa, ambaye wanaume wazima humpisha njia, aliambiwa nyamaza mara moja tu na akanyamaza.

Kisha Mama akanigeukia akaniuliza kama nakumbuka nilipotakiwa kurudia darasa la saba. Nakumbuka vizuri. Mwalimu aliona sisemi darasani, akaamua mimi ni mzito wa kuelewa. Kesho yake Mama Mkubwa alifika shuleni na buibui lake linapepea, akasimama uwanjani akauliza kwa sauti ya kusikika na shule nzima, "Mtoto amekuja kusoma au amekuja kupiga soga?" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini sikurudia darasa, na nilifaulu.

"Nani alimtuma?" Mama akaniuliza.

Nikamtazama Mama Mkubwa, Mama akaendelea.

"Mimi siwezi kugomba, mwanangu. Mwenyezi Mungu hakunipa. Likinifika neno humwambia mwenzangu, naye hulisema. Ule mpaka wa shamba, nilimtuma mimi. Wale wa bombani waliokuwa wakinisema, nilimtuma mimi. Wewe ulikuwa wamsikia yeye akigomba, yalikuwa ni maneno yangu."

Mama Mkubwa akadakia hapo hapo, hakuweza kujizuia, "Na mengine n'liongeza mwenyewe."

Wakacheka. Walicheka wote wawili, Mama akijifunika mdomo kwa khanga, Mama Mkubwa akipiga paja. Mimi nimesimama na sanduku miguuni, sijui nicheke au nilie, na nililia.

Ninaandika haya nikijaribu kuelewa ukubwa wake. Wanawake wawili waliwekwa nyumba moja na mwanamume mmoja, bila mtu kuwauliza kama tabia zao zinapatana. Mmoja hana ulimi, mwingine hana breki. Wangeweza kuuana kwa husuda, na mitaa yetu imejaa visa vya namna hiyo. Wao waligawana kazi. Mama ndiye mwenye moyo mgumu, anaamua lipi lisemwe na lipi liachwe. Mama Mkubwa ndiye mwenye moyo laini, anayeumia haraka na kulia haraka, lakini akitumwa huenda, na matusi yakirudi yanamfika yeye. Amebeba jina baya mbele ya mji mzima kwa ajili ya mama yangu, na kwa ajili yangu, na hakuwahi kulisema. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa Mama nimeusikia maisha yangu yote, nikamhesabia mtu mwingine.

Nawaonea fahari mno. Siwezi kuliandika kwa namna nyingine.

Mama alimaliza kwa swali moja, "Na huyu nimwachie nani, na macho hayo?"

Nilidhani ni ukungu kidogo tu wa uzee. Kumbe Mama Mkubwa haoni mlango mpaka aupapase. Huficha, hutembea ameshika ukuta kama mtu anayetembea kwa raha zake, na Mama humwekea kila kitu mahali pamoja, kikombe, kandambili, kopo la maji ya udhu, asiaibike mbele za watu. Zile kelele za alfajiri si za kumwamsha mtu. Akiamka hajui kama kumepambazuka, wala hajui kama mwenzake yu hai. Mama akikohoa, anajua siku imeanza na hayuko peke yake.

Na mimi nilikuwa nimekodi gari nije kukiondoa hicho kikohozi.

Dereva, mtu mzima mwenye subira aliyetoka bara, alichungulia akauliza, "Sasa dada, tunapakia ama tunarudi?" Mama Mkubwa alikuwa ameshapata nguvu. Akamwambia atapakia nazi na mihogo, na kabla ya hapo atautengeneza ule mchicha ambao yeye Mama Mkubwa alisikia ukikanyagwa, kwani aliona pale ni barabara ya serikali? Yule bwana wa watu akainama akatengeneza tuta.

Wiki ijayo nitaomba ruhusa kazini nimpeleke Mama Mkubwa akaonwe macho. Atagoma. Mama ameniambia nisijali, atamshawishi yeye, maana yake atakaa karibu naye kimya mpaka akubali.

Wakati wa kuondoka Mama alibaki barazani kukunja mkeka. Mama Mkubwa ndiye aliyenisindikiza, mkono mmoja juu ya ua wa makuti, hatua fupi fupi. Sikumshika kwa kuwa sasa najua hataki. Tulipofika barabarani alisimama, akatazama upande ambao si hasa niliposimama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Utakuja kumuuliza tena?"

Mimi nimerithi ulimi wa mama yangu. Kazini nasema maneno niliyofundishwa, nyumbani nanyamaza na watu hunielewa. Lakini nilimtazama yule mama, nikajua kwamba nikinyamaza sasa hivi atakipima kimya changu kwa wiki nzima na hatapata usingizi. Nikamshika mikono yote miwili. Nikasema kwa nguvu mpaka dereva akageuka:

"Simchukui, Mama Mkubwa. Ni wako."

Akautoa mkono mmoja mikononi mwangu, akajifuta macho kwa ncha ya leso, kisha akanisukuma bega.

"Haya nenda, nenda! Umesimama juani kama mtu asiye na kwao."